Mfu Havuki Maji Ila kwa Chombo

Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa saba wa tamthilia ya Game of Thrones, kilichoonyeshwa mwezi wa Agosti 2017, mahasimu wa nchi nzima wanakutana uwanjani kuonyeshwa maiti. Maiti yenyewe imefungiwa sandukuni, nayo haikutulia. Sanduku linapofunguliwa inachupa na kumkimbilia malkia, na hata inapokatwa, vipande vyake vinaendelea kutapatapa. Wakubwa wote wanaingiwa na baridi. Mmoja kati yao, Euron Greyjoy, nahodha na mfalme wa Visiwa vya Chuma, anauliza suali la mtu wa baharini: viumbe hawa wanajua kuogelea? Anajibiwa kuwa hawajui. Basi yeye anasema anarudi zake visiwani na merikebu zake, na kabla ya kuondoka anamnasihi malkia wa upande wa pili naye akimbilie kisiwa chake.

Wapenzi wa hadithi hiyo wamelijadili suali hilo kwa miaka: je, wafu wale wanaweza kuvuka maji? Kwa msomaji wa bara huenda likawa fumbo la kupitishia jioni. Kwa sisi tuliozaliwa tukiwa tumezungukwa na bahari, suali hili lina ladha nyingine. Likijibiwa kuwa hawawezi, basi kisiwa ni ngome. Likijibiwa kuwa wanaweza, basi kisiwa ni mtego, maana aliyemo hana pa kukimbilia. Nataka kulifuata suali hilo hadi kwenye asili yake, kwa sababu Euron siye wa kwanza kuliuliza. Limepita kwa Wagiriki wa visiwani, kwa madaktari wa tauni, kwa washairi wa Uskochi na kwa mtunzi mmoja wa Kiayarlandi, na kila lilipopita limeacha jibu lilelile. Maji humzuia mfu mpaka pale aliye hai atakapompa chombo.

Natuyapange maneno kabla ya kung'oa nanga. Mfasiri anayekutana na viumbe hawa hupata taabu tangu ukurasa wa kwanza, kwani Kiswahili kina maneno mengi yanayoikaribia maana na hakuna hata moja linaloifunika. Mzimu ni roho ya aliyetangulia, na pia ni pahala pa kumwendea. Hauna mwili wa kuoza. Kizuka huzuka na kutoweka, na neno hilohilo huitwa mjane aliyekaa eda, aliye hai lakini amejitenga na shughuli za walio hai. Bara wana msukule, yaani mtu anayesadikiwa kuwa kafa na kuzikwa, kumbe kachukuliwa na mchawi ili amtumikie. Huyu ndiye jirani wa karibu zaidi wa wale tunaowazungumzia: ana mwili, hana hiari, na yupo anayemtuma. Humu nitamwita mfu asiyelala, jina la kueleza tu, ili nisimbebeshe mzimu wala msukule dhambi za wageni.

Sasa twende Ugiriki. Mwishoni mwa mwaka 1700 Mfaransa Joseph Pitton de Tournefort, mtaalamu wa mimea aliyetumwa mashariki na mfalme Louis wa 14, alikuwa katika kisiwa cha Mykonos. Alikwenda kutafuta maua, akakuta jambo lisilo la maua. Mkulima mmoja aliyejulikana kwa ugomvi aliuawa shambani, pasijulikane nani wala kwa nini. Siku mbili baada ya kuzikwa, uvumi ukaenea kuwa anaonekana usiku akienda mbio, anaingia majumbani, anapindua vyombo, anazima taa na kuwakamata watu kwa nyuma. Wagiriki humwita mfu wa namna hiyo vrykolakas. Watu wakasali, kisha wakamfukua. Mchinjaji wa mji, mzee asiye na ustadi, alipasua tumbo kwanza kabla ya kuelekezwa kuwa moyo uko kifuani. Ubani ukafukizwa kufunika uvundo, nao ukauzidisha. Moyo ukachomwa ufukweni.

Haikusaidia. Kila siku vituko viliongezeka, na Tournefort anaeleza jinsi familia nzima zilivyobeba malazi yao na kwenda kulala uwanjani. Mwisho wake mwili wote ulipelekwa kwenye kijisiwa cha Mtakatifu George, ukachomwa huko tarehe 1 Januari 1701. Msimulizi wetu alicheka. Katika kitabu chake, kilichotoka 1717 yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki, anasema kisa kizima kilikuwa maradhi ya akili ya watu, yaliyoambukiza kama wazimu wa mbwa. Acheni acheke. Sisi tuliangalie lile ambalo hakulitilia maanani. Moto wangeweza kuuwasha popote Mykonos, kama walivyouwasha ule wa moyo ufukweni. Huyu wa safari ya mwisho walimvusha kwanza. Walimpakia chomboni, wakamvutia makasia, wakaweka maji baina yake na watoto wao, ndipo wakamchoma.

Hawakuwa peke yao. Wataalamu wa mila za Kigiriki, akiwemo Mwingereza John Cuthbert Lawson aliyechapisha utafiti wake mwaka 1910, wameandika kwa mapana juu ya vrykolakas, na katika masimulizi ya visiwani imani moja husikika: maji ya chumvi hayapitiki kwake. Basi dawa ikawa kumhamishia kijisiwa kisichokaliwa na mtu. Kisiwa cha Santorini kilipata sifa ya kuwa na wafu wa aina hiyo wengi mno, hata ikawepo methali ya kumkejeli mtu anayepeleka kitu pale kilipojaa tele, kwamba anapeleka vrykolakas Santorini. Udongo wake ni wa volkano, mkavu, na maiti ndani yake hukawia kuoza. Mtu aliyefukuliwa akiwa mzima wa umbo alitosha kuwatia watu hofu.

Tuipime imani hii kwa akili ya watu wa pwani. Hakuna anayejua kama mvuvi kwamba bahari ni njia. Yeye huamka alfajiri akaikanyaga kama wengine wanavyokanyaga barabara. Kwa nini basi mvuvi wa Kigiriki aamini kuwa bahari ni ukuta? Nadhani ni kwa sababu alijua vilevile kuwa njia hiyo haimfungukii mtu hivihivi. Inataka dau, tanga, makasia, mikono, na elimu ya upepo. Mfu wa Mykonos alikuwa na miguu tu. Wasemao kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu hawakusema kuwa chungu ni dhaifu. Walisema kuwa ukubwa wa maji hupimwa kwa uwezo wa anayetaka kuvuka.

Kaskazini zaidi, ambako watu wana mito na madaraja, sheria hiyo ilivaa nguo nyingine. Huko ni maji yaendayo, si ya chumvi, yanayokata nguvu za wabaya. Robert Burns, mshairi mkulima wa Uskochi, aliijengea juu yake shairi lake maarufu Tam o' Shanter mwaka 1791: mlevi anafukuzwa na wachawi, anajua kuwa akipita katikati ya daraja la mto Doon amenusurika, na farasi wake ananusurika kweli, ila mkia unabaki mkononi mwa mchawi. Mwaka 1820 Mmarekani Washington Irving akaandika kisa cha mpanda farasi asiye na kichwa, naye anatarajiwa kutoweka darajani. Mtoro anafika ng'ambo, anageuka kutazama, na hapo mfu anakivurumisha kichwa chake kikavuka na kumpiga. Katika kisa cha kwanza mkia hauvuki. Katika cha pili kichwa kinavuka. Washairi walikwisha kuona kuwa mpaka wa maji una nyufa.

Nyufa hizo zilijulikana zamani zaidi na watu ambao hawakuwa wakitunga hadithi. Mwaka 1377 mji wa Dubrovnik, kwenye pwani ya Adriatiki, ulitoa amri kwamba wanaotoka kwenye nchi zenye tauni wakae siku thelathini mahali pa kando, vikiwemo vijisiwa vya karibu, kabla ya kuruhusiwa kuingia. Venice ikafuata: mwaka 1423 ikaanzisha hospitali ya wenye tauni katika kisiwa kilichoitwa baadaye Lazzaretto Vecchio, na mwaka 1468 kingine, Lazzaretto Nuovo, cha kuwashikilia wanaoshukiwa. Siku thelathini zikawa arubaini, na kutokana na arubaini hiyo ya Kitaliano tukapata neno letu karantini. Fikra yake ni ileile ya wavuvi wa Mykonos. Mauti yana miguu, hayana ngalawa; yaweke ng'ambo ya maji.

Lakini tauni yenyewe iliingiaje Ulaya? Kwa merikebu. Mwaka 1347 ilifika Messina, katika kisiwa cha Sicily, ndani ya majahazi ya wafanyabiashara waliotoka Bahari Nyeusi. Sicily haikuokolewa na kuwa kwake kisiwa. Kwa kuwa ni kisiwa chenye bandari, ilitangulia. Maji yaleyale yaliyotegemewa kuwa kinga ndiyo yaliyoleta balaa, kwa sababu juu yake palikuwa na mtu aliye hai mwenye shehena ya kuuza na haraka ya kufika.

Kule Lazzaretto Nuovo imani mbili hizi zilikutana katika kaburi moja. Mwaka 2006 wachimbaji wakiongozwa na Matteo Borrini walifukua kaburi la halaiki la waliokufa kwa tauni ya mwaka 1576, wakakuta fuvu la mwanamke lenye tofali kinywani. Borrini alieleza kuwa wazikaji walimdhania kuwa ni mfu anayetafuna sanda yake na kueneza maradhi, wakamziba mdomo. Wataalamu wengine walimpinga, wakasema tofali liliangukia hapo baadaye. Ugomvi wao tuwaachie wenyewe. Ikiwa Borrini kasema kweli, basi yupo mtu aliyesimama katika kisiwa cha karantini, maji pande zote, na bado akaona kuwa maji hayatoshi.

Sisi wa Unguja tunakijua kisiwa cha namna hiyo. Changuu kinaonekana kutoka Forodhani. Kabla ya utawala wa Waingereza kiliwahi kutumiwa kuwazuilia watumwa walioonekana wakaidi. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikipata ili pajengwe gereza, na jengo likajengwa. Halikupata wafungwa. Badala yake pakawa mahali pa karantini, ambapo abiria wa merikebu zilizoshukiwa maradhi walikaa wakiutazama mji wasioruhusiwa kuukanyaga. Watalii leo huenda kulisha kobe, na wengi huondoka bila ya kujua kwamba wamepita ndani ya fikra moja ya kale kabisa ya wanadamu: kwamba maili chache za maji zinatosha kututenga na mauti ya wengine.

Aliyezikusanya fikra hizi zote na kuzitia katika riwaya moja ni Bram Stoker, Muayarlandi aliyefanya kazi ya kusimamia jumba la maonyesho London. Dracula yake ilitoka mwaka 1897. Humo mfu ana sheria zake, na mojawapo ni kuwa hawezi kuyapita maji yaendayo ila yanaposimama au yanapojaa. Msomaji wa pwani asiipite sheria hii kwa haraka. Sisi tuna bamvua na tuna maji mafu, siku zile za mwezi ambazo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Stoker hakuwa akizungumzia hayo. Yeye alikusudia dakika chache kila siku ambapo maji yamemaliza kwenda na bado hayajaanza kurudi. Walakini nani miongoni mwetu asiyeona jinsi lugha yetu ilivyomtangulia? Tuliyaita maji mafu, na mtunzi wa mbali akasema kuwa maji yakipoteza uhai wake, mfu hupata ruhusa.

Ila ruhusa si chombo. Hapa ndipo riwaya ile inapokuwa kali kuliko filamu nyingi zilizoizaa. Dracula hatoki kwao kwa mabawa. Anatafuta wakili. Kijana Jonathan Harker anatumwa kutoka Uingereza hadi milima ya Transylvania kumkamilishia ununuzi wa nyumba, na mkataba unatiwa saini kwa mujibu wa sheria. Kisha masanduku hamsini ya udongo yanapakiwa kwenye jahazi Demeter huko Varna, yana stakabadhi, yana wakala wa kuyapokea, nauli imelipwa. Mfu amelala katika mmojawapo wa mizigo halali. Baharia mmoja baada ya mwingine anatoweka usiku, na nahodha, mtu mwaminifu, anajifunga kwenye usukani ili chombo kisipotee. Demeter linafika bandari ya Whitby na maiti ya nahodha ikiwa imeshika usukani. Mfu anaruka pwani katika umbo la mbwa mkubwa.

Nalisoma tukio hilo kila mara kwa uchungu wa nahodha yule. Alifanya yote anayofundishwa nahodha. Hakuacha chombo, aliandika kumbukumbu zake, alifikisha shehena. Uaminifu wake ndio uliomvusha adui. Stoker hakuota jambo hilo tupu: mwaka 1885 jahazi la Kirusi lililoitwa Dmitry, lililotoka Narva, lilikwama Whitby kwa dhoruba, na miaka mitano baadaye mtunzi alikaa mji huo na kupata habari zake. Dmitry likawa Demeter, na Narva, kwa kugeuza herufi tu, ikawa Varna. Jahazi la kweli lilibeba mchanga. Yeye aliongeza kitu kimoja ndani ya mchanga.

Wajerumani walipoitia hadithi hiyo katika filamu mwaka 1922, wakaiita Nosferatu, walirudisha kile ambacho Dubrovnik ilikijua. Mfu wao anafika mjini kwa merikebu yenye panya, na nyuma yake inafuata tauni. Mpangilio umetimia: mfu na maradhi na jahazi ni kitu kimoja.

Baada ya vita vya pili vya dunia J.R.R. Tolkien naye aliwapa Wapanda Farasi Weusi wa The Lord of the Rings, iliyoanza kutoka mwaka 1954, hofu ya maji. Mashujaa wake wanawakimbia kwa kivuko, na baadaye mafuriko ya mto Bruinen yanawasomba. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1980, mwanawe Christopher alieleza kuwa baba yake mwenyewe aliiona fikra hiyo ngumu kuisimamia hadi mwisho. Na kweli ni ngumu. Wapanda farasi hao walitoka nchi ya mbali yenye mito mingi baina. Mtu hawezi kuogopa kila mto na bado akafika.

Hivyo tunarudi kwa George R.R. Martin, ambaye riwaya ya kwanza ya mfululizo wake ilitoka 1996 na ya tano 2011, na tamthilia iliyotokana nazo ilionyeshwa kuanzia 2011 hadi 2019. Tamthilia inajibu suali la Euron kwa macho. Mwaka 2015 tunaonyeshwa Hardhome, kijiji cha pwani kaskazini ya Ukuta mkubwa wa barafu. Watu huru wa huko wanahamishwa kwa mashua, na kabla kazi haijamalizika jeshi la wafu linawashukia. Walio mashuani wanaokoka. Walio pwani wanauawa, kisha Mfalme wa Usiku anainua mikono, nao wanasimama kama askari wake. Mashua ya mwisho inakwenda kinyumenyume na wafu wamejipanga ukingoni, kimya, hawatii mguu majini. Anayetazama hapo hukumbuka Mykonos, ila safari hii walio hai ndio wanaokimbilia ng'ambo na kijiji kizima kimeachiwa wafu.

Mwaka 2017 jibu linapanuliwa. Mashujaa wachache wamezingirwa juu ya mwamba katikati ya ziwa la barafu. Barafu imevunjika, na wafu wanasimama wakingoja. Hawana njaa, hawana usingizi. Wanangoja maji yagande. Yanapoganda wanavuka. Hilo ni somo la kwanza: kwa asiyekufa tena, mpaka wa maji ni suala la subira tu. Kisha linakuja la pili, zito zaidi. Ili kuwaokoa waliozingirwa, malkia analeta majoka yake matatu. Moja linachomwa mkuki na kuzama. Wafu wanalifunga minyororo, wanalivuta kutoka kilindini, na Mfalme wa Usiku analiamsha. Ni joka hilo linaloubomoa Ukuta mwishoni mwa msimu, pale Ukuta unapokutana na bahari. Wafu hawakuuvunja kwa nguvu zao. Walipelekewa cha kuuvunjia, na waliowapelekea walikuwa na nia njema, kama nahodha wa Demeter.

Riwaya zenyewe zina jibu chungu kuliko la tamthilia, na sijui ni wangapi wameliona. Katika kitabu cha tano, A Dance with Dragons, watu huru wanamiminika Hardhome kwa sababu mwanamke mmoja mtabiri ameota kuwa merikebu zitakuja kuwavusha. Merikebu zinakuja kweli. Zinatoka Lys, mji wa kusini, na zinawapakia wanawake na watoto kwanza, kama inavyopasa. Wanaotazama kutoka pwani wanashukuru. Kumbe ni za wafanyabiashara ya watumwa. Moja inasukumwa na dhoruba hadi Braavos, mji unaoharamisha utumwa, na hapo ndipo habari inapojulikana. Waliobaki Hardhome wanaendelea kungoja, na barua inayotoka huko baadaye inaeleza kuwa wafu wameonekana hata majini.

Naandika haya katika kisiwa ambacho soko lake la watumwa, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873. Watu waliouzwa humo walikuja kwa majahazi. Wengi wao walitoka mbali sana na bahari na hawakuwahi kuiona, na walipoiona waliona kitu kisichovukika, kama wafu wa Hardhome walivyokiona. Wakavushwa. Kwao kisiwa hakikuwa ngome dhidi ya mauti. Martin hakuiandika Unguja, wala sidai kuwa aliifikiria. Lakini ameelewa jambo ambalo Euron, kwa ujanja wake wote, hakulielewa. Suali lake lilikuwa kama wafu wanaogelea. Alipaswa kuuliza merikebu ni za nani.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu. Wazee wetu waliiita Madagascar Bukini, na kutoka huko, kupitia visiwa vya Komoro, Unguja ilipata pepo wa kibuki. Wanaowajua pepo hao husema kuwa ni watu wa nasaba ya kifalme ya Wasakalava, wafalme na jamaa zao waliokwisha kufa, wenye majina, tabia na vinywaji wanavyovipenda. Sina haja hapa ya kubishana na mtu juu ya imani hiyo. Wapo wanaoifuata na wapo wanaoikataza. Natazama sarufi yake tu. Mfalme aliyekufa Bukini amefika Unguja, bahari kubwa imepitwa, wala hakuna anayeuliza kama anaogelea. Alikuja na watu waliohama, ndani ya watu waliohama. Hupanda kichwani, na yule anayepandwa huitwa kiti. Hakuna haja ya Demeter. Chombo chake ni mwanadamu.

Nikilinganisha kibuki na Dracula naona tofauti moja inayonipa faraja. Mfu wa Stoker anajificha ndani ya mzigo na aliyembeba hajui alichobeba. Mfu wa Bukini anaitwa kwa jina, anapigiwa ngoma, anaulizwa anachotaka, kisha anaagwa. Wote wawili wamevushwa na walio hai, ila mmoja amevushwa kwa siri na mwingine kwa dhahiri. Huenda khofu yote ya wafu wasiolala inatokana na ile siri, yaani na shehena ambayo hatukuitazama kabla ya kuipakia.

Basi mtu akiniuliza kama wafu wale wa kaskazini wangeweza kutufikia, nitamjibu kwa utaratibu. Kwa miguu yao, hapana. Maji yakiganda, naam, na Mola katupa bahari isiyoganda. Lakini wavuvi wa Mykonos walipokuwa wakimpeleka mfu wao kijisiwani walikuwa, bila ya kukusudia, wakionyesha kuwa mfu anaweza kuvuka: walimvusha wao. Bahari haijawahi kumzuia mwenye nahodha, wala haijawahi kumwokoa asiye na nauli. Tuitazame bandari, tusome stakabadhi, tujue ndani ya sanduku mna nini na kwenye mashua ameachwa nani. Maji yatafanya kazi yake ya kujaa na kupwa. Mlango ni wetu.